Nyumba Moja, Anwani Tatu

Pasir Gudang, Johor
9 Machi 2023

Mdogo wangu Ragai,

Nakujulia hali, ingawa najua aliye huko akiulizwa hali hana jibu la kumfurahisha mtu. Sisi huku wazima. Goti linanisumbua nikisimama sana, na kwenye kantini asiposimama mwenye kantini nani atasimama? Kuku amepanda bei tena, na mafundi wa meli wanataka paja kubwa kwa pesa ileile ya mwaka jana. Nimeanza kuwapikia mabawa. Wananuna, lakini wanakula. Mama alinipigia juzi akalia, na katikati ya kilio akaniagiza rangi ya nywele. Basi nikajua hajambo.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini. Mama anasema umefungwa miezi kumi. Nilimwambia amesikia vibaya, ni faini. Mwanangu Dunstan aliniambia faini, na yeye alisema habari hiyo kaitoa mdomoni mwako. Pesa ya faini nilishaitenga. Ipo, imekaa, haina kazi.

Wewe unanijua. Nilitoka kwetu Sarawak, kwenye nyumba ndefu ya Mto Semujan, familia nyingi chini ya paa moja, na mfuko mmoja wa plastiki, nikaosha vyombo vya watu mpaka vyombo vikawa vyangu. Katika maisha yangu sijalipa kitu bila kuuliza bei yake imetoka wapi. Na hii miezi kumi imetoka wapi? Mtu wa miaka arobaini na nne ambaye hajawahi kufikishwa hata mbele ya mkuu wa tarafa kwa kuku aliyepotea, mara hii anapewa kifungo kama mwizi mzoefu?

La pili. Wewe sigara huvuti. Tuak, pombe yetu ya mchele, unakunywa, nani asiyekunywa. Hayo madawa waliyoyakuta kwenye pikipiki yako ni ya nani? Na kwa nini ulikiri?

Niandikie mahakamani palikuwaje. Usinipambie. Nieleze nani alisema nini, halafu nani akasema nini. Nimekuwekea stempu ndani.

Dada yako,
Tambong


Gerezani
4 Aprili

Dada Tambong,

Barua yako imenifikia na doa la chai juu yake, kwa hiyo najua wanaotusomea barua walikaa nayo kwa starehe. Natumaini goti limetulia. Mimi mzima. Samaki wa humu ana harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, lakini wali ni wali. Wananifundisha kusuka vikapu. Mimi, mtoto wa Lidam, nafundishwa kusuka na askari wa mjini! Nimenyamaza, nasuka vibaya makusudi ili asione aibu.

Uliuliza mahakamani palikuwaje. Polisi aliyenikamata aliniambia, Mjomba, kiasi chenyewe ni chembe kama chumvi ya kuonjea mchuzi, na ni mara yako ya kwanza, kiri tu, utalipa faini urudi kwenye pilipili zako. Nikakiri. Hakimu ni mwanamke kijana, sauti yake ya upole. Akauliza kama kuna pingamizi wakitumia mashine. Wanaiita akili bandia. Wakili niliyepewa na serikali, binti mmoja anaitwa Ling, akasema anapinga. Hakimu akasema pingamizi limeandikwa. Kisha karani akabofya, na ukutani kwenye skrini yakatokea maandishi: uwezekano wa kufungwa, asilimia sabini na nane, pendekezo, miezi kumi.

Hakimu akaitazama skrini, akanitazama mimi, akasema, "Mahakama hii haifungwi na mashine. Huu ni mwongozo tu."

Halafu akanipa miezi kumi.

Sababu zilisomwa. Hana ajira. Hapo nilitaka kusema pilipili manga haitoi hati ya mshahara, lakini Ling alinikanyaga mguu. Hana mke. Hiyo kweli. Makazi hayajatulia: anwani tatu katika miaka tisa. Hapo nilicheka, na nadhani kicheko kile hakikunisaidia. Mimi ambaye nje ya nyumba yetu nimelala wiki mbili tu maisha yangu yote, kwako Johor, nikakimbia kelele.

Pikipiki ni yangu. Kilichokuwa chini ya kiti ni changu. Usiniulize tena, dada. Dunstan asije kunitembelea. Mwambie avune pilipili kabla hazijakauka.

Msalimie Mama. Mwambie nanenepa.

Ragai


Pasir Gudang
21 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini hujafunzwa kusuka ukasahau ulichofundishwa na baba. Mama nimemtumia rangi. Kumbe alitaka nyeusi, nimemtumia ya kahawia. Sasa anasema nimemfanya afanane na waimbaji wa kwenye televisheni. Nadhani amependa.

Zile anwani tatu nimezipata. Nilikaa na kahawa yangu nikazihesabu kwa vidole, nikataka kuvunja kikombe. Kitambulisho chako cha kwanza kiliandikwa Nyumba ya Lidam, kwa sababu baba alikuwa mkuu wa nyumba. Baba akafa, nyumba ikamchagua Changgai. Boti ikakupindukia, kitambulisho kikaenda na maji, ukapewa kipya: Nyumba ya Changgai. Changgai naye akafa, wakamchagua Empaling. Panya wakatafuna kitambulisho cha pili, ukapewa cha tatu: Nyumba ya Empaling. Nyumba ni ileile. Nguzo ni zilezile, milango ishirini na sita ileile, na chumba chako kiko palepale ambapo mama alituzaa. Wamekufa wazee wawili, wao wanasema umehama mara mbili!

Nilipiga simu mahakamani. Kijana aliyepokea ana adabu sana, ndiyo maana nilimchukia. Nikamwuliza kama mashine yao inajua kwamba nyumba ndefu huitwa kwa jina la mkuu wake, na mkuu akifa jina hubadilika. Akanijibu, "Shangazi, mfumo unatambua aina zote za makazi." Nikamwuliza, na wewe je, unajua? Akasema yeye amezaliwa mjini.

Sasa sikiliza. Nimezungumza na wakili wako Ling. Tunakata rufaa. Mkuu wa tarafa atatoa barua yenye muhuri kwamba majina yote matatu ni ya nyumba moja. Anwani tatu zikiwa moja, ile asilimia inashuka. Ling mwenyewe anasema kwa watu wengine wenye kiasi kama chako, waliotulia mahali pamoja, mashine imependekeza faini. Faini ninayo.

Mzee Empaling anaumwa, na nasikia barazani wanasema akiondoka watakuchagua wewe. Nyumba ya Ragai. Baba angefurahi, ingawa angejifanya hafurahi. Mfungwa hachaguliwi, kwa hiyo lazima utoke.

Kuhusu pikipiki sijauliza. Umeona? Sijauliza.

Tambong


Gerezani
6 Mei

Dada,

Salamu nyingi, na mshukuru Mama kwa shati. Humu wameshajua habari ya anwani zangu, wananiita Mhamiaji. Kila jioni, tukishafungiwa wote nyuma ya mlango mmoja, kuna mzee mmoja wa Kapit huniuliza, "Leo unalala wapi, Mhamiaji?" Namjibu naangalia angalia kwanza. Ni mzaha mzuri. Unapitisha muda.

Dada, rufaa usikate. Nakuomba. Kumi ni kumi, na ukitoa theluthi ya tabia njema inabaki kidogo, naweza kuibeba. Nimekufikiria ukihesabu kwa vidole, na hesabu yako haina kosa. Lakini wakianza kuuliza nani anakaa nyumba gani, kesho watauliza nani huendesha pikipiki ya nani. Yaliyolala na yalale.

Huyo kijana uliyetuachia akiwa na miaka sita, mimi na Mama tulimlea kama tulivyoweza. Hakuwahi kunitukana. Kila wiki alikuwa ananinyoa ndevu, kwa sababu mimi bila kioo najikata. Nakuandikia haya ili uyajue tu.

Usikate rufaa.

Ragai


Pasir Gudang
14 Juni

Mdogo wangu Ragai,

Barua yako ya Mei nimeikuta jana niliporudi. Ilikuja mimi nikiwa nyumbani kwa sikukuu ya mavuno, Gawai, ikakaa kwenye kantini chini ya chupa ya mchuzi wa soya. Ling alishapeleka rufaa tangu mwezi uliopita, na barua ya mkuu wa tarafa ndani yake. Haitoki tena.

Gawai ilikuwa Gawai. Kuku wa kupikwa ndani ya mianzi, tuak, vijana na ile miziki yao. Mama alikujazia kikombe akakiweka mahali unapokaa, hakuna aliyekigusa mpaka asubuhi, kisha akakinywa mwenyewe akasema kisiharibike. Mzee Empaling aliondoka siku nne baada ya sikukuu. Tulimlilia vizuri. Wazee wamekubaliana wasichague mkuu mpya mpaka rufaa yako isikilizwe. Wanakusubiri. Nyumba kwa sasa haina jina, na watu wakiulizwa wanapokaa wanaonyesha kwa mkono.

Pilipili hazikuvunwa. Zimekauka kwenye miti.

Nimemwona mwanangu. Nimemwona mikono yake, na meno yake. Ana miaka ishirini na moja. Alikuja kukaa karibu yangu barazani akaanza kuniambia kitu, nikamwambia chai inapoa. Hapa naishia, kwa sababu barua hizi zina wasomaji wengi.

Pikipiki nimeiuza. Haikufika hata nusu ya bei.

Rufaa inasikilizwa Agosti. Vaa lile shati.

Tambong


Gerezani
30 Agosti

Dada Tambong,

Nakusalimu, na naomba kabla hujaendelea uketi, na kama kuna wateja waambie wasubiri.

Shati nililivaa. Ling alizungumza vizuri, dada, ungemsikia ungemwajiri. Alimweleza jaji wa mjini namna nyumba ndefu inavyopata jina, akasoma barua ya mkuu wa tarafa, akasema mteja wangu hajahama hata hatua moja, waliohama ni waliokufa. Hata mwendesha mashtaka alitabasamu. Jaji akasema hoja ina mantiki. Akaamuru kumbukumbu zisahihishwe na mashine iulizwe upya. Karani akaziunganisha anwani tatu zikawa moja. Ling akanigeukia, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeona nchi kavu.

Halafu karani akabofya.

Dada, zilipokuwa nyumba tatu, kila moja ilikuwa na makosa yake machache. Wajukuu wawili wa Changgai waliofungwa kwa madawa walikuwa chini ya Nyumba ya Changgai. Yule mtoto wa Sawai na wenzake, waliokamatwa na madawa kwenye ghala la magogo, walikuwa chini ya Empaling. Wengine ni wa zamani, enzi za baba. Baadhi yao sikujua hata kama waliwahi kufungwa. Sasa wote wameingia kwenye anwani moja na mimi. Mashine haijui kwamba ni milango ishirini na sita na familia ishirini na sita. Ling alisimama akalisema hilo, akaambiwa yeye mwenyewe ndiye aliyethibitisha kuwa ni nyumba moja.

Asilimia tisini na moja. Mshtakiwa anaishi katika kaya yenye wahalifu saba wa kosa lilelile. Pendekezo, miezi kumi na mitano. Jaji akasema hafungwi na mashine, ila kwa kuyapima yote anaona adhabu ya kwanza ilikuwa nyepesi.

Nikapewa kumi na mitano.

Ling alilia kwenye korido. Nilimpiga piga bega kwa pingu zangu, nikamwambia binti yangu, umefanya kazi. Wewe pia umefanya kazi. Hesabu yako ilikuwa sahihi, usije ukaenda kusema haikuwa.

Kabla hatujaachana nilimwuliza Ling, kama mzaha, je, angekuwa kijana wa miaka ishirini na moja, wa nyumba yetu, hana ajira, anatumia, na kiasi kilekile? Hakucheka. Alifikiri, akanitajia miaka. Siiandiki hapa. Na nikamwuliza, huyo kijana akijitokeza mwenyewe, yule mwingine anatoka? Akasema si lazima. Aliyekiri amekiri.

Kwa hiyo nyamaza, dada. Na mwenye kutaka kusema, mnyamazishe. Hii ndiyo kazi pekee ninayokuomba.

Wazee wasinisubiri.

Ragai


Pasir Gudang
3 Novemba

Mdogo wangu Ragai,

Nisamehe kwa kukawia. Mara nne niliandika nikachana. Mimi mwanamke wa kantini, karatasi kwangu ni pesa, lakini nilichana.

Mama mzima. Nywele zimerudi kuwa nyeupe, hataki tena rangi ya aina yoyote. Goti langu sasa limepata mwenzake.

Nilikwenda nyumbani Septemba kwa ajili ya mkutano barazani. Nilidhani watanilaumu. Walinikaribisha, wakanipa mkeka, wakanimiminia. Mama yake yule mtoto wa ghala la magogo, Bibi Sawai, alikaa mbele yangu. Mwanawe mwingine alikamatwa Julai na bangi kidogo, kesi yake ilikuwa wiki ile baada ya yako. Sasa na yeye anatoka kwenye nyumba ya wahalifu. Mimi ndiye niliyewaunganisha. Bibi Sawai hakusema hivyo. Alinisogezea sahani ya samaki.

Mtu wa ofisi ya wilaya alikuja na shauri lake. Akasema tatizo ni haya majina ya watu. Nyumba ipewe namba isiyobadilika, na tukitaka kila mlango upewe yake, ili mwakani kompyuta zisichanganye. Watu wakaanza kubishana. Bibi Sawai akauliza, "Zamani mkuu akifa, nyumba yote ilikuwa inabadilika jina, na mtu wa mbali akisikia jina jipya anajua tumefiwa. Sasa atajuaje?"

Yule mtu wa ofisi alisema kuna taarifa za simu.

Wakakubali. Kwanza vijana, halafu wazee, kwa sababu vijana ndio wanaokamatwa. Wamemchagua mkwe wa Changgai kuwa mkuu, mtu mzuri, lakini jina lake halikuwekwa popote. Kwenye ngazi kuna kibao cha bati: Semujan Namba 4. Mlango wetu ni 4/17. Nilipigilia msumari mwenyewe, maana Mama alikataa na mwanaume wa kupigilia chumbani kwetu hayupo.

Nina mwosha masufuria mpya hapa kantini. Unamjua. Nilimchukua niliporudi, analala stoo, namfungia kwa nje. Mwezi wa kwanza alitapika sana, sasa anakula. Juzi wakati wa mchana, mafundi wamejaa, aliweka sufuria chini akaja mpaka kwenye kaunta. Akasema, "Mama, nataka kurudi Sarawak. Kuna jambo nataka kwenda kusema."

Mikono yake ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka sita nilimwona hatetemeki.

Nikamwambia, "Masufuria hayajaisha."

Akarudi kuosha.

Maisha yangu yote nimejua bei ya kila kitu, Ragai. Hii pia naijua. Usiniambie ahsante.

Tambong


Gerezani
8 Desemba

Dada Tambong,

Mimi mzima. Msalimie Mama, na msalimie mwosha masufuria. Mwambie ndevu zangu zimekuwa ndefu, humu wananyoa vibaya.

Nimefurahi kusikia habari za kibao. Namba 4/17 si mbaya, ni rahisi kukumbuka.

Wiki hii walikuwa wanahakiki kumbukumbu za wafungwa. Askari alikuwa na kompyuta yake ndogo, mtoto mzuri, ana haraka. Aliniuliza ninakaa wapi. Nikaona nifanye sawasawa, nyumba imejinyima jina kwa ajili ya jambo hili, basi nikampa anwani mpya kama ulivyoiandika. Akaandika. Kisha akasogea karibu na skrini, akasoma anwani za zamani zilizoko juu yake, akaguna.

Akasema, "Umehama tena, Mjomba?"

Mzee wa Kapit alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Safari hii hakucheka.

Nilifikiria kumweleza. Nilimfikiria Ling, na wewe na vidole vyako, na Bibi Sawai na sahani ya samaki. Nikamwambia ndiyo, nimehama.

Ragai